Uzito Mkubwa na Upasuaji wa Kupangwa: Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki Kliniki, Moshi na Arusha

Kazi yangu ni kulaza watu usingizi wa upasuaji hapa Moshi, na kabla hatujakutana thieta huwa nakaa nao kliniki. Maswali ya hapa chini ndiyo yanayorudi kila wiki. Machache huulizwa waziwazi. Mengi huja mwishoni, mtu ameshaaga na mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Ninayajibu nikiwa na watu wa upasuaji wa kupangwa kichwani: ngiri, uvimbe wa kizazi, mawe ya nyongo, tezi ya shingo, tezi dume, goti na nyonga, na kujifungua kwa kisu ambako tarehe yake inajulikana.

## Mambo ya mwanzo

Nitajuaje kama ni unene wa kitabibu au nimenawiri tu?

Chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, kisha gawa uzito wako kwa jibu hilo. Mama mwenye kilo 92 na urefu wa mita 1.60: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 92 ukigawa kwa 2.56 unapata karibu 36. Hiyo ndiyo BMI utakayoiona imeandikwa kwenye faili lako. Kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene, na kuanzia 40 ni unene uliokithiri.

Ila namba hiyo haioni mafuta yamekaa wapi. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima kiuno. Mwanamke akizidi sentimita 88 au mwanaume akizidi 102, mafuta mengi yako tumboni, yamezunguka ini na utumbo, na hayo hutupa kazi thieta kuliko yaliyokaa nyongani na mapajani. Ndiyo maana mzee mwenye miguu myembamba na kitambi kikubwa tunaweza kumhofia zaidi ya mama mwenye umbo pana lililosambaa.

Kwetu "umenenepa!" ni salamu ya heri, maana yake mambo yanakwenda. Sina ugomvi na salamu hiyo. Ninachoomba ni kwamba siku ya kupanga upasuaji tuzungumze kwa namba.

Kwani tatizo hili liko kwetu kweli? Si la Wazungu?

Liko kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania wana uzito uliozidi au unene.

Nikiwa mnene nitanyimwa upasuaji?

Kwa kawaida hapana. Unene peke yake si sababu ya kumwacha mtu na ngiri inayomtesa au uvimbe unaomtoa damu kila mwezi mpaka anaishiwa. Ukiambiwa "punguza kwanza, urudi", hujafukuzwa. Uliza maswali matatu kabla hujatoka: nipunguze kiasi gani, kwa muda gani, na ugonjwa wangu unaweza kusubiri muda huo bila kuharibika? Daktari akupe namba na tarehe ya kurudi. Mtu aliyeambiwa "punguza" bila namba wala tarehe huenda nyumbani na aibu tu, na wengi hawarudi mpaka ngiri imejinyonga, yaani utumbo umebanwa na damu haipiti.

Ni kweli watu wanene hawaamki wakipewa nusu kaputi?

Si kweli, na uvumi huu umefanya watu wengi wazeeke na maradhi yanayotibika. Tafiti kubwa zimeonyesha jambo linaloshangaza wengi: mwenye uzito uliozidi au unene wa kiwango cha chini hafi kwa upasuaji kuliko mwenye uzito wa kawaida. Hatari ya kifo hupanda kwenye ncha mbili, kwa waliokonda kupita kiasi na kwa wenye unene uliokithiri. Kinachoongezeka waziwazi kwa mtu mnene ni matatizo ya baadaye: kidonda kutunga usaha, damu kuganda miguuni, mapafu kujaa makohozi. Na kazi ya kumpa usingizi ni ngumu zaidi, jambo linalohitaji maelezo yake.

## Usingizi na pumzi

Kwa nini usingizi wa mtu mnene ni mgumu zaidi?

Lala chali sasa hivi uone tumbo linavyosukuma kifua kuelekea juu. Mtu mnene akilala hivyo halafu misuli ikalegezwa na dawa, nafasi ya hewa kwenye mapafu inapungua sana. Akiba ya oksijeni inakuwa ndogo, na mwili wenyewe unatumia oksijeni nyingi.

Kwa hesabu iko hivi. Kabla ya kulala tunakuvutisha oksijeni tupu kwa barakoa. Mtu mwembamba mwenye afya, akishajazwa vizuri, anaweza kukaa karibu dakika 8 bila kupumua kabla oksijeni ya damu haijashuka hadi kiwango cha hatari. Mwenye unene uliokithiri hana hata dakika 3. Ndani ya muda huo tunatakiwa tuone koo, tuweke mpira wa kupumulia, tuhakikishe umekaa mahali pake. Shingo nene na mafuta ya kooni hufanya hata kuona njia kuwe kazi.

Kwa hiyo usishangae ukikuta tumekupangia mito na mashuka mpaka kichwa na mabega vimeinuka, kiasi kwamba tundu la sikio liko usawa mmoja na mfupa wa kifua. Mlalo huo unayapa mapafu nafasi na unatuonyesha koo. Barakoa ikiwekwa usoni, vuta pumzi ndefu, usiisogeze. Pumzi zile ndizo akiba yako.

Si bora nichomwe sindano ya mgongo?

Mara nyingi ndiyo. Kwa upasuaji wa chini ya kitovu, ngiri, kizazi, goti au kujifungua, ganzi ya mgongo inakuacha ukipumua mwenyewe. Ugumu wake ni kwamba kwa mtu mnene mifupa ya mgongo haipapasiki kirahisi. Tunaweza kuhitaji sindano ndefu zaidi na kujaribu zaidi ya mara moja. Tukijaribu mara mbili au tatu, si kwamba hatujui kazi. Kaa ukiwa umejikunja kama paka aliyekasirika, mabega yalegee, kidevu kifuani, na useme kama unahisi sindano inakwenda upande wa kulia au wa kushoto. Usemi wako unatusaidia kupata katikati.

Mume wangu anakoroma sana. Hilo linahusianaje na upasuaji wa nyonga?

Mama, asante kwa kuuliza, maana mwenyewe hatasema. Kukoroma kwenyewe si shida kubwa. Shida ni pale anapokoroma, kisha kimya, pumzi imekatika, halafu anashtuka kama mtu aliyetoka kuzama. Anayelala hivyo usiku huamka na uchovu, husinzia kwenye daladala na kanisani, na presha yake mara nyingi iko juu.

Kliniki tunauliza mambo manane: kukoroma, uchovu wa mchana, pumzi kukatika akiwa amelala, presha, BMI zaidi ya 35, umri zaidi ya miaka 50, shingo ya zaidi ya sentimita 40, na kama ni mwanaume. Majibu ya "ndiyo" yakifika matano au zaidi, tunamchukulia kuwa na tatizo hilo hata kama hajawahi kupimwa. Kwake dawa kali za maumivu za jamii ya mofini hutolewa kidogo kidogo na kwa uangalizi, kwa sababu zinaweza kuizima pumzi iliyokwisha kuwa dhaifu. Baada ya upasuaji atalazwa kichwa kikiwa juu, na kidole chake kitabanwa na kile kifaa cha kupima oksijeni usiku kucha.

Mke au mtoto anayelala chumba kimoja na mgonjwa ndiye shahidi wetu. Aje kliniki.

## Wiki za kujiandaa

Nina miezi miwili kabla ya tarehe. Nifanye nini kitakachosaidia kweli?

Kupungua sehemu ya kumi ya uzito ni jambo zuri sana, na hata nusu ya hapo inaonekana kwenye sukari, presha na pumzi. Kwa yule mama wa kilo 92, nusu ya hapo ni kilo kama 4 na nusu. Si mlima.

Anza na vinywaji. Soda ya mchana, juisi ya boksi, chai yenye vijiko vinne vya sukari: ukiviondoa hivyo umeshafanya kazi kubwa bila kugusa sahani. Kisha bia na mbege. Mbege ni ndizi na ulezi, ni chakula ndani ya kibuyu, na mtu anaweza kunywa mlo mzima kabla hajala. Chipsi mayai ya jioni iwe kitu cha nadra. Ndizi, mtori na machalari sikukatazi. Punguza kipimo, punguza mafuta, ongeza mboga, na usiache nyama, maharage, mayai au maziwa, maana kidonda hujengwa na protini.

Halafu tembea. Kutoka soko la Mbuyuni hadi Mnara wa Saa kwa miguu badala ya bodaboda ni mwanzo mzuri. Ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama, moyo na mapafu vyako vimetupa habari njema kuliko vipimo vingi. Usipoweza, tuambie, tunataka kujua kabla hujalala mezani.

Sigara iachwe angalau wiki nne kabla.

Rafiki yangu alipungua kilo 12 kwa mwezi kwa kunywa maji na matango. Nifuate?

Usifuate. Mtu anayekuja thieta baada ya kujinyima hivyo amepoteza misuli pamoja na mafuta, na kidonda chake huchelewa kufunga. Kuna mlo mkali wa wiki mbili ambao hupewa wagonjwa wa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula ili ini lisinyae, lakini huo hupangwa na kusimamiwa hospitali.

Na chai za kupunguza mwili, au zile sindano za kila wiki?

Chai na mitishamba ya kukonda iache wiki mbili kabla ya upasuaji, na ulete pakiti yake kliniki. Baadhi huharisha au kukojoza mpaka madini ya damu yanashuka, na moyo ukipewa usingizi katika hali hiyo unaweza kupiga ovyo. Sindano za kila wiki za kupunguza uzito, kama semaglutidi, huchelewesha chakula kutoka tumboni: unaweza kuwa umefunga usiku kucha na tumbo bado lina chakula. Usitufiche. Hatutakugombeza, tutabadilisha mpango.

Sukari na presha vinaingiaje hapa?

Huenda pamoja na unene, na wengine huvigundua kliniki yetu kwa mara ya kwanza. Sukari iliyoachwa juu ni mlango wa usaha kwenye kidonda. Ndiyo maana upasuaji wa kupangwa huweza kuahirishwa mpaka kipimo cha wastani wa miezi mitatu kishuke. Vituo vingi hutaka kiwe chini ya asilimia 8 au 8.5. Usiache wala kuanza dawa yoyote ya sukari au presha kwa ushauri wa jirani. Uliza kila dawa kwa jina lake: hii ninywe asubuhi ya upasuaji, au niiache?

Kuhusu presha nina ombi moja. Kama mkono wako ni mnene na mkanda wa kupimia unabana kwa shida, omba mkanda mkubwa. Mkanda mdogo hutoa namba ya juu kuliko ukweli. Nimeona mama akirudishwa Rombo mara mbili kwa "presha kubwa" ambayo ilikuwa ya mkanda, si yake. Nauli, kazi za shamba, na hofu, vyote bure. Iliniuma.

Naona aibu kupanda mizani mbele ya watu. Lazima?

Lazima upimwe. Mbele ya watu, si lazima. Omba faragha, ni haki yako. Ila usikisie kilo, na usipunguze kilo kumi kwa heshima. Dawa nyingine tunazipima kwa uzito wote, nyingine kwa uzito ambao ungekuwa nao bila mafuta ya ziada, na hesabu zote mbili zinahitaji namba ya kweli. Hata antibiotiki ya kabla ya kisu: sefazolini kwa mtu mzima ni gramu 2, lakini kuanzia kilo 120 huwa gramu 3. Ukisema 105 na kumbe una 123, umejinyima kinga ya kidonda chako mwenyewe.

Na muuguzi akikucheka, sema. Kejeli wodini si sehemu ya matibabu.

## Siku yenyewe

Nifunge kula kuanzia saa ngapi?

Chakula cha kawaida, masaa 6 kabla ya upasuaji. Chenye mafuta mengi, kama nyama choma au chipsi, masaa 8 kabla. Maji matupu na chai ya rangi huruhusiwa hadi masaa 2 kabla, isipokuwa umeambiwa vingine. Chai ya maziwa ni chakula, ihesabu masaa 6. Kama unatumia zile sindano, soma kwanza swali la chai za kupunguza mwili.

Kwa nini upasuaji wangu utachukua muda mrefu kuliko wa jirani yangu mwenye ugonjwa uleule?

Kwa sababu daktari anapita kwenye mafuta kabla ya kufika penye ugonjwa, kama kuchimba kisima kwenye udongo mzito. Kulaza, kugeuza, kupata mshipa wa dripu, vyote vinachukua dakika zaidi. Inapowezekana, upasuaji wa matundu madogo ni nafuu kwa mtu mnene kwa upande wa kidonda, kwa hiyo kwa mawe ya nyongo uliza kama hospitali yako inaufanya.

## Baada ya upasuaji

Kidonda changu kitachelewa kupona?

Kinaweza. Mafuta yana mishipa michache ya damu, kwa hiyo kinga na dawa hufika kidogo. Kidonda ni kirefu kwenda chini, majimaji hupata pa kutuama, na tumbo lililoning'inia hufunika mshono ukabaki na joto na jasho.

Mikunjo ioshwe, ikaushwe kwa kupapasa, na iwekwe kitambaa safi cha pamba kinachobadilishwa kikilowana. Hakuna unga wa muhogo, mafuta ya nguruwe wala majivu. Ukikohoa au ukitaka kuinuka, kumbatia mto juu ya mshono. Mshono ukiwa mwekundu na wa moto, ukitoa harufu au maji, au ukipata homa, rudi siku hiyohiyo. Usisubiri tarehe ya kutoa nyuzi.

Nimejifungua kwa kisu. Mama mkwe anataka kunikanda kwa maji ya moto.

Mwambie: shikamoo mama, naomba mshono usikandwe. Mgongo, miguu na mabega akukande tu, ni faraja na ni upendo. Tumbo lenye mshono halikandwi wala halibanwi kwa kanga mpaka uonwe kliniki. Mtori anaokuletea kunywa, lakini si sufuria nzima kwa siku. Mzazi mnene hahitaji kunenepeshwa zaidi ili atoe maziwa.

Kwa nini wananiamsha nitembee na bado nina maumivu?

Kwa sababu ya damu kuganda. Damu inayotuama kwenye miguu ya mtu mnene aliyelala huganda kirahisi, na bonge hilo likichomoka likaenda kwenye mapafu linaweza kuua ghafla, mgonjwa akiwa ameshaanza kucheka na ndugu zake. Hili ndilo ninaloliogopa kuliko kidonda. Kaa kitandani siku ileile ukiruhusiwa, simama, tembea hadi dirishani. Ukiwa umelala, kunja na kukunjua nyayo. Kila saa ukiwa macho vuta pumzi ndefu mara kumi, kwa ajili ya mapafu.

Baadhi yenu mtachomwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tumboni au kuvalishwa soksi za kubana. Ukirudi nyumbani, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, usinywe panadoli ukalala. Tafuta gari.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Nina zaidi ya kilo 150. Niende hospitali yoyote tu?

Uliza kabla. Kila meza ya upasuaji ina uzito wa mwisho inaoubeba, vivyo hivyo machela na mashine ya CT ya kupiga picha za ndani ya mwili. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi kwa Moshi au Mount Meru kwa Arusha, inaweza kukupa rufaa kwenda hospitali ya kanda ya KCMC, hapa Moshi, au kwingine penye chumba cha wagonjwa mahututi. Rufaa hiyo si adhabu.

Je, nikifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito kwanza, au niwekewe puto?

Puto huwekwa tumboni kwa mpira wa kupitia mdomoni, hakuna kisu, na kwa hapa nchini wengi walilisikia kupitia Muhimbili tawi la Mloganzila. Hukaa kwa miezi, kisha hutolewa. Linaweza kufaa kwa mtu wa goti au ngiri kubwa ambaye amejitahidi bila mafanikio na anaweza kusubiri. Asiyebadilisha ulaji hurudisha kilo zake. Kwa saratani au uvimbe unaotoa damu, kungoja hivyo ni kosa.

Na ikitokea dharura kabla sijapungua?

Njoo. Ngiri iliyojinyonga haisubiri mizani. Wasaidie walio zamu kwa kutaja mapema kukoroma, dawa zako, na mlo wa mwisho ulikuwa saa ngapi.

Ndugu zangu wote wanarudi Desemba. Nipange tarehe ipi?

Ukiweza, pata upasuaji Oktoba mwanzoni, au subiri Februari. Katikati ya Desemba nyumba imejaa, nyama na mbege havikauki, kila mgeni anataka ukae naye barazani badala ya kutembea, na barabara za kupanda Marangu, Kibosho na Machame zimejaa magari siku utakapohitaji kushuka hospitali. Chagua pia ndugu mmoja wa kukaa nawe wiki mbili za kwanza, mwenye mwili wa kukuinua na moyo wa kukukatalia soda. Uje naye kliniki.